Maharagwe ya Ulaya Yana Anwani, Mahindi Yetu Je?

Jamani, leo siandiki kuhusu programu mpya. Leo nina hasira na gunia.

Chukua katoni ya maharagwe mabichi inayopakiwa JKIA kwenda Ulaya. Ina nambari, na ukiifuata inakurudisha mpaka kwa wakulima. Si kwamba tunapenda utaratibu, la! Mnunuzi anadai. Tangu 2005 sheria yao namba 178 ya 2002 inamtaka kila mwenye biashara ya chakula, hata cha mifugo, aweze kutaja aliyemuuzia na biashara aliyoiuzia.

Sasa chukua pakiti ya unga jikoni kwako. Nambari ya bechi ipo. Ifuate... itakufikisha kwenye lango la kinu, basi. Nyuma ya lango kuna broka aliyechanganya mahindi ya wakulima kadhaa kwenye lori moja, na ghala lililochanganya malori.

Mwaka 2004 aflatoksini iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuimalizi. Ng'ombe akiila kwenye chakula chake, sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Machi 2021 serikali ikazuia mahindi yote ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu za kuvu, halafu siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti. Nchi mbili nzima! Mimi nikipata hitilafu kwenye mstari mmoja wa programu, sifuti diski yote. Lakini kama hujui gunia limetoka wapi, utafanyaje?

Hapo ndipo anapokuja kijana na slaidi zake za blokucheni. Ndugu yangu, jedwali la safu tano linatosha: nani aliuza, nani alinunua, lini, kilo ngapi, gunia gani. Kazi ni kumfanya broka aandike ukweli pale kwenye mizani. Akidanganya, blokucheni itautunza uongo wake vizuri sana.

M-Pesa tunayo tangu 2007, hata kwenye mulika mwizi. Broka akimlipa mkulima kwa simu, nani, lini na pesa ngapi tayari vimeandikwa. Ongeza nambari ya gunia na unyevu, ambao usizidi asilimia 13.5.

Mtasema mkulima mdogo ataumia. Kwani sasa haumii? Aliyeanika mahindi yake wiki mbili anamiminiwa gunia moja na aliyevuna juzi kwenye mvua, kwa bei ile ile. Vinu vikubwa vikikataa gunia lisilo na nambari, mabroka wataandika. Wa maharagwe mbona waliandika?