Watoto watatu waende, lakini saini yetu haiuzwi

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama na baba wa ma-cité ya migodi,

Katika mazungumzo ya convention collective yenye tuko nayo sasa, kampuni moja ya hapa kwetu imetuletea neno jipya. Kwenye sehemu ya masomo ya watoto, pale palipokuwa pameandikwa msaada wa minerval kwa kila mtoto wa mfanyakazi, hawakuandika tena kiasi cha franga. Waliandika hivi: bourse tatu kila mwaka, kwa watoto watatu wa wafanyakazi, waende kusoma Baccalauréat International katika shule moja na watoto wa wakubwa wa kazi.

Tulipoileta habari ile mbele ya wafanyakazi, mkutano uligawanyika. Mama mmoja alisimama, akasema: "Mutoto wangu iko na akili. Baba yake anashuka ku shimo miaka kumi na tano. Munataka kumufungia mulango juu ya nini?" Mzee mmoja akamjibu kutoka nyuma: "Mama, miye niko na batoto saba. Ule mulango ni wa batoto batatu. Benye kubakia, nani atabalipia?"

Wote wawili wako na haki. Njo maana sisi delege wa sendika tunaandika leo, ili kila mtu aelewe kile tunachoambiwa tuweke saini.

Kwanza, tujue kitu chenyewe. Wengi wetu tukisikia "international" tunafikiri ni shule ya wazungu, basi. Baccalauréat International ni programu ya miaka miwili ya mwisho ya secondaire, kwa vijana wa miaka 16 mpaka 19. Ilianzishwa Genève, kule Uswisi, mwaka 1968. Kati ya shule zilizoianzisha kuna École internationale ya Genève, ile iliyofunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Société des Nations na wa Bureau international du Travail. Ndiyo, BIT ileile yenye mikataba yake tunaitumia siye sendika tukiwa mbele ya mwajiri. Wazazi wale walikuwa na shida moja: leo wako nchi hii, kesho nchi ingine, na mtoto anaomba diploma yenye kukubaliwa popote. Mtu wa mgodi analijua swali lile: kazi ikinihamisha, mtoto wangu atasoma wapi?

Ndani yake mna nini? Kijana anasoma masomo sita: lugha yake na vitabu vyake, lugha ya pili, somo moja sawa histoire, géographie ao économie, sayansi moja, hesabu, na la sita ni sanaa ao somo lingine analolichagua. Kwa kawaida masomo matatu anayasoma kwa kina zaidi, na matatu kwa kiasi. Kila somo linahesabiwa juu ya 7. Sita mara saba ni 42, na pointi tatu zingine zinatoka kwa kazi za pembeni, jumla 45. Ili kupata diploma, mtoto anaombwa kufikisha angalau 24, pamoja na masharti mengine. Programu inafundishwa kwa Kiingereza, Kifaransa ao Kihispania. Na Kiswahili nacho kimo kati ya lugha ambazo mwanafunzi anaweza kuzichukua sawa somo. Hapa kwetu, kuna shule zenye kumwazibu mtoto akisema Kiswahili kwenye kiwanja.

Lakini si masomo sita yenye kutugusa zaidi. Ni zile kazi za pembeni. Kila mwanafunzi anachagua swali lake, analifanyia utafiti, na anaandika kazi ya mpaka maneno 4 000. Tena, anapita katika somo lenye kumwuliza: kile unachokijua, unakijua namna gani? Nani alikuambia, na yeye alijuaje? Tena, anaombwa afanye kazi ya kusaidia watu wa pale anapokaa, pamoja na michezo na kazi za mikono na akili.

Sasa tutazame kwetu. Hatutukani Exetat, na mwenye kupata Diplôme d'État ametoka jasho. Lakini tuseme ukweli. Kuna dissertation na mitihani mingine ya hors session, halafu zinakuja siku ine za session ordinaire, na kule mtoto anachagua jibu kati ya majibu aliyoandikiwa. Mtoto mwenye kushika kwa kichwa anaweza kupita bila kuuliza swali hata moja kwa miaka yake yote ya humanités. Kosa si la mwalimu. Mwalimu mwenye wanafunzi tele kwenye kilasi moja, bila kitabu, bila laboratoire, atafanya nini kama si kuandika kwenye tableau na kuwaambia wakopye?

Na bado, siye watu wa mgodi tunaijua ile elimu ya kuuliza. Kabla ya kuingia kwenye galerie, mtu wa kazi anapiga mwamba wa juu na barre, anasikiliza. Ukilia sawa chuma, anaendelea. Ukilia sawa ngoma tupu, anarudi nyuma na kuita wenzake. Haamini mwamba juu chef alisema ni mzuri. Anapiga kwanza. Basi mtoto wa mtu yule, juu ya nini tumfundishe kunyamaza?

Kwa hiyo hatusemi kama programu hii ni mbaya. Tunasema ni nzuri, na njo maana haifai iwe ya watoto watatu tu.

Kumbukeni kule tulikotoka. Wakati wa Union Minière, mfanyakazi alipewa nyumba ya camp, posho, na shule ya watoto wake kwa mikono ya wamisioni Wabenediktini. Shule ile ilisaidia, hatukatai. Lakini ilifundisha mtoto wa kiume awe mfanyakazi mzuri, na mtoto wa kike awe mke mzuri wa mfanyakazi. Kipimo cha masomo kilikatwa na mwajiri. Nyuma ilikuja Gécamines, na wazee wetu wengi walisomesha watoto mpaka université kupitia kazi ile. Halafu miaka ya 1990 mgodi ulianguka, mishahara ikakaa miezi na miezi bila kutoka. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa ile mpango iliyoitwa départs volontaires. Kazi ya baba ilipokwisha, watoto wengi walirudishwa nyumbani. Wengine walienda kuwa creuseurs.

Fundisho ni hili: masomo yaliyofungwa kwenye kazi ya baba yanaanguka siku moja na kazi ya baba. Na leo contrat nyingi ni za sous-traitance, za mwaka mmoja ao chini. Programu hii ni ya miaka miwili. Fanyeni hesabu wenyewe.

Wengine kati yetu wanasema: "Tukatae yote, ile ni shule ya matajiri." Hapana. Kumkatalia mtoto mwenye akili ili tuonyeshe hasira yetu kwa kampuni, ni mtoto njo atalipa. Tena si kweli kama ni ya matajiri kila pahali. Kule Marekani, shule nyingi zenye kutoa programu hii ni za serikali. Ecuador, nchi yenye kuuza petroli, serikali yake iliiingiza katika shule nyingi za umma. Kwa hiyo ni jambo la kuamua: franga ya kile kinachotoka chini ya udongo iende kwa nani.

Wengine wanasema: "Tukubali, watatu ni mwanzo." Siye tunajibu: mwanzo wa nini? Kama kwa kupata watatu tunafuta msaada wa minerval wa watoto mamia, ule si mwanzo, ni mwisho. Elimu ya bure ya serikali, ile iliyoanza kutumika mwaka 2019, ni ya primaire. Secondaire bado ni mfuko wa mzazi. Hapo njo watoto wetu wanakwama, zaidi mabinti.

Basi tutarudi kwenye meza na maneno tano.

Kwanza, msaada wa minerval kwa kila mtoto ubakie kwenye convention collective, kwa kiasi chenye kuandikwa. Bourse iwekwe juu yake, si pahali pake.

Pili, bourse ifuate mtoto, isifuate contrat ya baba. Baba akifukuzwa, akigonjwa, akifa, mtoto amalize miaka yake miwili. Ndani ya bourse mhesabiwe vitabu, transport, na franga ya mitihani ya mwisho. Mhesabiwe pia équivalence, maana mwenye diploma ya nje anaiomba kabla ya kuandikishwa université hapa kwetu.

Tatu, kuchagua watoto kusifanywe katika biro ya mtu mmoja. Kuwe kamati ya walimu, wazazi na sendika, na matokeo yabandikwe kwenye ukuta, kila mtu asome. Watoto wa wafanyakazi wa sous-traitance nao waandikwe. Shimo ni moja, vumbi ni moja. Na mabinti wasisahauliwe.

Ine, matayarisho. Ile shule yenye kampuni inatuonyesha inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa toka utoto, ukimtupa mule akiwa na miaka 16, baada ya miezi sita atarudi na haya, na watu watasema watoto wa camp hawana akili. Achaguliwe mapema, apewe mwaka wa lugha, ao itafutwe shule yenye kutoa programu hii kwa Kifaransa.

Tano, na hili njo kubwa: shule za cité. Code minier iliyobadilishwa mwaka 2018 inaomba kila kampuni ya mgodi itoe angalau 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Kampuni yenye kuuza madini ya dola milioni 100 kwa mwaka, sehemu ile ni dola 300 000. Si zawadi, ni sheria. Kuna pia cahier des charges yenye kuandikwa pamoja na wakaaji. Na katika redevance minière, 15% ni ya commune, secteur ao chefferie ya pale madini yanapotoka. Tunaomba sehemu ya franga ile iingie kwa shule za secondaire za kwetu: bibliothèque, laboratoire yenye vyombo, mafunzo kwa walimu. Na tunaomba zile bourse tatu zisihesabiwe ndani ya 0,3%, maana mtu hawezi kulipa deni mbili kwa franga moja.

Hatuombi kila shule ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi iitwe internationale. Tunaomba mwanafunzi wa terminale, mbele ya kumaliza, awe ameshika kitabu, amefanya expérience moja kwa mikono yake, na ameandika kazi moja ndefu juu ya swali lake mwenyewe. Maji ya mto wetu yamebadilika rangi, juu ya nini? Kilo ya cobalt inauzwa namna gani toka kwa creuseur mpaka kwenye betri? Bibi yangu alifika camp hii mwaka gani, na nani alimleta? Maswali yale hayaombi dola. Yanaomba mwalimu mwenye kulipwa vizuri, na mwenye muda wa kusoma kile mtoto ameandika.

Na kwenu wazazi, tusingojee kampuni kwa kila kitu. Mtoto akirudi toka shule, usimwulize tu amepata ngapi. Mwulize: umejua namna gani? Atakusumbua na maswali, ndiyo. Siku moja atasoma contrat yake mbele ya kuweka saini, na wengi wetu hatukufanya vile.

Mama aliyesimama siku ile, mtoto wake aende kwenye mtihani wa kuchaguliwa, na tutamsindikiza. Mzee wa watoto saba, minerval ya watoto wake ibakie kwenye karatasi. Mambo haya mawili yakiandikwa pamoja, tutaweka saini. Moja likikosa, kalamu itabakia mfukoni.