Mzee Asafiripo Uingereza, Simu Isinyamaze

Wazee wetu wengi wa Pwani hufunga safari kwenda Uingereza kuwazuru watoto na wajukuu. Mizigo hupangwa wiki nzima, lakini simu hukumbukwa ndege ikishatua. Hapo bibi husimama uwanjani asijue ampate vipi mwenyeji wake, na huku nyumbani nyoyo ziko juu.

Kwanza, laini. Ile ya Kenya isitupwe, kwani ndiyo ipokeayo ujumbe wa benki. Ila data yake izimwe kabla ya safari, kwa kuwa intaneti ya ugenini hula salio upesi. Laini ya Uingereza ya kulipia kabla huuzwa hata katika maduka ya vyakula, wala haitakiwi kitambulisho. Chaji ya Kenya hutumika vilevile, maana soketi za huko ni zetu hizi za miguu mitatu. Akipiga Kenya, aanze na +254, aiache sifuri ya mwanzo.

Pili, dharura. Polisi, zimamoto na ambulensi huitwa kwa 999, nambari iliyoanza London mwaka 1937. 112 nayo hufika huko huko. Zote ni bure. Lakini tahadhari: nchini humo simu isiyo na laini ndani yake haiwezi kupiga nambari hizo. Mzee asiachiwe simu tupu. Kwa maradhi yasiyo ya haraka, apige 111. Asiyejua Kiingereza anaweza kuomba mkalimani.

Tatu, saa. Kenya hutangulia kwa saa 3 wakati wa baridi, na kwa saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa mbili usiku Mombasa, baada ya Isha, huko ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Wekeni miadi ya saa hiyo kila siku.

Mwisho, upweke. Watoto wakienda kazini, mzee hushinda na televisheni asiyoielewa. Mwekeeni katika simu redio ya Kiswahili kwa intaneti, asikie sauti za kwao.

Na yote haya, anwani pamoja na postikodi, yaandikwe kwenye karatasi mkobani. Simu huzimika, karatasi haiishi chaji.