"Ni katuni tu": uzi kwa kila nyumba yenye mtoto na TV moja

1/11
Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosomaga kimya kimya bila ku-like, karibuni. Uzi wa leo ni mrefu kidogo, weka maji ya chai jikoni kabisa.

Kila season mpya ya Invincible ikitoka, ubishi unakuwa ule ule. Huku wanasema hakuna season ya mashujaa kali kama hii. Kule wanasema damu imezidi, ni ushetani mtupu, ipigwe marufuku. Na katikati yao kuna mtoto wa miaka minne kakaa kwenye mkeka, anamung'unya ubuyu, macho kwenye TV. Huyo hakuna anayemuuliza kaionaje.

Mimi ni nesi. Leo nasimama upande wa huyo wa kwenye mkeka, na nitawakera wa pande zote mbili.

2/11
Kwa ambao hamuijui. Invincible ilianza kuonyeshwa Amazon Prime Video mwezi Machi 2021, imetokana na vitabu vya katuni vya Robert Kirkman. Kuna kijana wa miaka 17, Mark, ambaye baba yake ni Omni-Man, shujaa mwenye nguvu kuliko wote duniani. Kijana naye anaanza kupata nguvu, anajifunza kuruka, baba anamfundisha. Rangi zinang'aa, nguo za kubana, vichekesho vya hapa na pale. Ukipita sebuleni na beseni lako la nguo unasema "ah, katuni", unaendelea na shughuli zako.

Halafu dakika za mwisho za sehemu ya kwanza, huyo huyo baba anawaita mashujaa wenzake na kuwaua mmoja mmoja kwa mikono yake. Vichwa vinapasuliwa. Hakuna kufichwa kitu. Waliotengeneza walipanga hivyo makusudi, ushtuke wakati umeshazoea kuwa hii ni katuni ya kawaida.

Sasa fikiria. Kama wewe mtu mzima umetegwa ukategeka, wa miaka minne atatokea wapi?

3/11
Waliotengeneza wenyewe wameandika ni ya watu wazima. Kwenye Prime Video inakuja na alama ya 18. Kwa hiyo tusiwasingizie kwamba wamewatengenezea watoto wetu.

Lakini niambieni ukweli, ni nyumba ngapi mtaani kwenu zinalipia Prime Video? Kwetu season inafika kwenye flashi. Unampa kijana wa duka la muvi, anakujazia. Au inafika ikiwa imetafsiriwa, DJ anaongea juu yake na kutia utani wake. Au mtoto anaikutia kibanda umiza. Njia zote hizo, alama ya 18 imeshadondoka huko njiani. Kinachofika nyumbani ni folda imeandikwa "katuni mpya", imewekwa pamoja na Tom and Jerry.

Tuna Bodi ya Filamu huku, Wakenya wana bodi yao yenye madaraja ya GE, PG, 16 na 18. Kazi nzuri. Ila bodi haifiki kwenye flashi yako. Kwenye flashi yako, bodi ni wewe.

4/11
Naanza na timu ya "ni katuni tu, anajua sio kweli".

Hajui. Mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano, mpaka wa kati kati kati ya "kweli" na "uongo" haujasimama sawasawa. Ndio maana anaongea na mdoli, anamlisha ugali, na anamwomba msamaha akimkanyaga. Ukimuuliza mchana "hii ni kweli?" atakujibu "hapana" kwa sababu anaona ndilo jibu unalolitaka. Usiku taa ikizimwa, ndipo unapata jibu lake la pili.

Jibu la pili linakuja hivi: hataki kulala peke yake. Anashtuka na kulia saa nane usiku. Alishaacha kukojoa kitandani, anaanza tena. Anakataa kwenda chooni gizani. Na kwenye hii season kuna jambo moja zaidi: anayeua ni baba. Mtoto mdogo, baba ndiye ukuta wake. Umemwonyesha ukuta unageuka na kumpiga mwenye nyumba, kisha unashangaa kwa nini anamkimbia baba yake akirudi kazini?

WHO kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Na mbele ya skrini isizidi saa 1, ikipungua ni bora zaidi. Chini ya mwaka 1, skrini hapana kabisa. Mtoto asiyelala vizuri anakuwa mkorofi, anakosa hamu ya kula, anaumwa umwa. Mnatafuta mdudu, mnapima mkojo, kumbe ni season.

5/11
Nawasikia: "Nesi, acha hizo, sisi tumekua na Rambo na Commando na mbona tuko fresh?"

Kwanza, tulioko fresh ndio tunaobishana humu. Yule aliyeruka kutoka juu ya ukuta akiigiza Commando na mkono wake ukapona kombo, hajaja kubishana. Kila mtaa una mmoja, na wewe wako unamjua jina.

Pili, wengi wetu tuliona Rambo mara moja moja, kwa jirani mwenye deki, chumba kimejaa watu wazima wanaopiga kelele "muongo huyo!" Hizo kelele zilitusaidia, zilituambia ni maigizo. Mtoto wa leo anaangalia peke yake, simu iko sentimita ishirini kutoka puani, na ikiisha inaendelea yenyewe.

6/11
Sasa timu ya pili, mnaotaka zote zifutwe. Mlidhani mmepona? 😅

Nyie mnasema damu ndiyo shida, kwa hiyo mkitoa yenye damu na kuweka ya shujaa msafi asiyetoka hata tone, mnaona mmemaliza. Sikilizeni hii. Mwaka 2007, madaktari wa Uingereza waliandika kwenye jarida la Archives of Disease in Childhood kuhusu watoto watano walioletwa hospitali wakiwa wameumia vibaya huku wamevaa nguo za mashujaa. Baadhi yao walikuwa wameanza kuruka bila kupanga watatuaje.

Na walikuwa wamevaa nini? Spider-Man na Superman. Hao hao mnaowaona wasafi, wa kwenye begi la shule na keki ya birthday.

Kwa sababu shujaa msafi ana uongo wake. Anaanguka kutoka ghorofa ya kumi, anajikung'uta vumbi, anatania, anaendelea. Jengo zima linaporomoka na hakuna maiti. Invincible angalau, kwa mtu mzima, inasema ukweli kwamba mwili ni nyama na mfupa, ukipigwa unavunjika, na mtu akifa kuna familia inalia. Mtu mzima anayeisifu kwa hilo namuelewa kabisa, hajakosea. Ila ukweli huo una umri wake.

Kwa hiyo tusidanganyane: yenye damu inaharibu usingizi, isiyo na damu inaruka dirishani. Kufuta moja na kumwacha mtoto peke yake na nyingine hakujamlinda.

7/11
Kuna hoja moja ya maana nimeletewa na bibi mmoja kliniki, na naiheshimu: "Mbona hadithi zetu zina zimwi linalokula watoto? Mbona fisi anachomwa?"

Ni kweli, bibi. Hadithi zetu hazikuwa za kitoto kihivyo.

Lakini angalia inavyofanya kazi. Bibi akisema "zimwi likaja", mtoto ndiye anayelichora kichwani mwake, kwa ukubwa anaouweza yeye. Wa miaka minne analichora la miaka minne. TV haimwachii nafasi hiyo, inamletea fuvu limeshapasuka tayari, kwa kipimo cha mtu mzima. Tena bibi anamwona mtoto usoni. Akiona macho yametoka, zimwi linapunguzwa meno, linaimba, linakuwa jinga, mtoto anacheka. Season haimwangalii mtoto. Inaendelea tu.

Na bibi yupo pale pale mpaka mtoto anasinzia. Hilo la mwisho ndilo dawa yenyewe.

8/11
Hapa nataka kugombana na watu wanaopenda kuuliza "mama alikuwa wapi?"

Alikuwa anafua. Alikuwa kwenye genge. Alikuwa zamu ya usiku, au yuko jikoni na mtoto mwingine mgongoni. Nyumba nyingi ni chumba na sebule, TV ni moja, na rimoti haiko mkononi mwake. Iko kwa baba, kwa mjomba, kwa shemeji aliyekuja kutafuta kazi. Wao ndio walioweka Invincible saa mbili usiku, wakati watoto bado wako macho, kisha mtoto akikojoa kitandani shuka anafua nani? Na mtoto akivunjika, nani anahojiwa?

Kaka, baba, mjomba: sisemi usiangalie. Umetoka kazini, umechoka, ni haki yako. Nasema subiri saa moja na nusu walale. Au weka earphone uangalie kwenye simu. Season haitakimbia, imeshajazwa kwenye flashi.

Na dada wa kazi naye tumuache. Mnamwachia watoto watatu, kupika, kupiga pasi, halafu mnamtaka awe bodi ya filamu. Mwandikie orodha ya vinavyoruhusiwa, inatosha.

9/11
Basi tufanye nini? Haya hayahitaji hela:

▪️ Flashi mbili. Ya watoto na ya wakubwa. Ya watoto ifunge uzi mwekundu hata asiyejua kusoma ajue.
▪️ Kabla ya kumpa mtoto kitu kipya, angalia wewe dakika kumi za mwanzo NA kumi za mwisho. Invincible imetufundisha kwa nini za mwisho.
▪️ Wenye Netflix au Prime, tengeneza profaili ya mtoto na ya wakubwa iwekee PIN. Kazi ya dakika tano.
▪️ Kaa naye hata nusu. Shujaa akiruka, sema kwa sauti: "Huyo kachorwa. Wewe ukiruka hapo utavunjika mguu." Usione aibu kurudia kila siku. Ndiyo zile kelele za "muongo huyo!"
▪️ Nguo ya shujaa ni ya kuchezea chini, uwanjani. Ngazi, dirisha na ukuta ni marufuku akiwa ameivaa.
▪️ Akitaka mashujaa, wapo waliotengenezwa kwa ajili yake. Supa Team 4 ya Malenga Mulendema wa Zambia imetoka Netflix 2023, wasichana wanne wa Lusaka wanaokoa mji wao. Binti yako aone shujaa mwenye nywele kama zake. Hiyo nayo, kaa naye.
▪️ Kama ameshaona kibaya, usimgombeze. Muulize ameona nini, mwache achore au aigize, mwambie nyumbani yuko salama. Akiendelea kushtuka usiku wiki kadhaa, mlete tuongee.

10/11
Na kwa sababu wengine mtasoma huu uzi mtoto ameshajirusha, shika hii (save kabisa).

Akiangukia kichwa, hospitali MARA MOJA ukiona lolote kati ya haya: alizimia hata kidogo, anatapika zaidi ya mara moja, amelegea au haamki vizuri, degedege, damu au maji yanatoka sikioni au puani, mboni za macho hazilingani, analia bila kunyamazika. Usisubiri kukuche.

Akilalamika shingo au mgongo, usimnyanyue nyanyue wala kumkalisha. Mtulize alivyo, tafuta msaada.

Mkono au mguu umevimba au umepinda: usiuvute, usiuchue, usimpeleke kwanza kwa anayekanda. Ufunge kwenye kipande cha ubao au boksi gumu jinsi ulivyo, mlete. Mfupa wa mtoto unaunga haraka, na ndiyo maana ukichelewa unaunga vibaya haraka vile vile.

11/11
Endeleeni kubishana kama season ni kali au mbovu, hiyo ni haki ya mtazamaji na mimi sina neno. Mkitaka kuipa nyota tano, pewa tano.

Ila ubishi huo ni wa watu wenye miaka 18 kwenda juu. Wa kwenye mkeka hana nyota za kutoa. Ana usiku mmoja wa kulala na mifupa miwili ya mkono, na vyote viko chini ya yule anayeshika rimoti.

Leo usiku, kabla hujabonyeza play, geuka nyuma uangalie nani yuko macho.

Mtumie baba watoto. Mwambie nesi kasema. 🙏🏾