Tamthilia Haichezwi kwa Kukariri

Kila mwaka, msimu wa sherehe unapokaribia, walimu wa Kiswahili tulio Dzaleka na wenzetu walio Lilongwe huulizana: mwaka huu tucheze mchezo gani? Swali hilo ni jema. Lakini swali la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, halisikiki: mchezo huo tunaufahamu kiasi gani? Kitabu huchaguliwa leo, kesho sehemu hugawanywa, na kuanzia keshokutwa vijana hukaririshwa maneno kama vile wanafunzi wa zamani walivyokaririshwa majedwali ya hesabu. Siku ya onyesho ikifika, sauti husikika, mikono hupungwa, watu hupiga makofi. Na mchezo wenyewe hubaki kitabuni ukiwa umefungwa kama ulivyokuwa.

Makala haya yanakusudia kuupinga mwenendo huo. Tunasema waziwazi kwamba mwalimu anayepandisha tamthilia jukwaani bila ya kuichunguza hafundishi fasihi wala lugha. Tunasema pia kwamba wanaotuambia kuwa uchunguzi wa namna hiyo ni anasa isiyofaa mahali kama Dzaleka wamekosea.

Elimu inayoitwa dramatujia

Kazi ya kuuchunguza mchezo kabla ya kuuonyesha ina jina lake katika lugha za Ulaya, nasi twaweza kuiita dramatujia. Mwaka 1767, katika mji wa Hamburg, Ujerumani, Gotthold Ephraim Lessing aliajiriwa na jumba la michezo ili aisome michezo, aipime na kuieleza. Katika karne ya 20, Bertolt Brecht na mkewe Helene Weigel, walioanzisha kundi la Berliner Ensemble mwaka 1949, waliifanya kazi hiyo kuwa ya kundi zima: wasaidizi wao waliweka madaftari ya picha na maelezo yaliyoonyesha kwa nini kila tendo lilifanywa jinsi lilivyofanywa.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya Wazungu. La hasha! Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia zake tumezisoma na kuzisomesha miaka nenda miaka rudi, alisoma Berlin ya Mashariki katika miaka ya 1970, na tasnifu yake ya udaktari ilihusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo mwandishi tunayemwona kuwa nguzo ya tamthilia ya Kiswahili alikuwa pia mchunguzi wa tamthilia. Tunawezaje basi kuzicheza kazi zake kwa njia ambayo yeye mwenyewe asingeikubali?

Mfano wa Kinjeketile

Tuchukue tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na mtu aitwaye Kinjeketile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji na kuwaunganisha dhidi ya Wajerumani. Mkaririshaji ataanza na mavazi na mikuki. Mchunguzi ataanza na maswali.

Swali la kwanza ni la historia. Kinjeketile Ngwale aliishi kweli, na alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mradi wa kukusanya masimulizi ya wazee juu ya vita hivyo. Lakini Hussein, katika utangulizi wake, anatutahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Mchunguzi hana budi kuuliza: ni wapi mwandishi ameiacha historia, na kwa nini? Asiyejua tofauti hiyo atamfanya Kinjeketile kuwa sanamu ya shujaa, ilhali mwandishi ametupa mtu anayezaa neno, akaona neno hilo likimzidi nguvu na kwenda mahali asipotaka liende.

Swali la pili ni la uchumi. Mchezo unafunguka kwa wanawake wanaozungumza juu ya njaa, huku waume zao wakilazimishwa kufanya kazi katika shamba la pamba. Mara nyingi onyesho hilo hupitwa mbio, watu wakiharakia penye kelele za vita. Lakini tukiwa Malawi tuna njia ya kulielewa kwa undani. Katika nyanda za Shire wazee waliujua mfumo wa thangata, ambao mpangaji alilazimishwa kulipia ardhi kwa jasho lake katika mashamba ya walowezi. Mfumo huo ulikuwa miongoni mwa sababu za maasi ya John Chilembwe ya Januari 1915, miaka minane tu baada ya Maji Maji kuzimwa. Mwigizaji aliyezungumza na mzee wa Kimalawi juu ya thangata hatayasema maneno ya Bibi Kitunda kama mtu anayesoma tangazo. Na mtazamaji wa Lilongwe, aliyefika akidhani kwamba mchezo huu ni wa Watanzania, atajikuta anatazama habari ya babu yake.

Swali la tatu ni la ngoma, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Dzaleka ina wapiga ngoma hodari kutoka Burundi. Kishawishi cha kuwaweka katika onyesho la Kinjeketile kupagawa ni kikubwa, maana ngoma zao hutikisa ardhi. Lakini kwa Warundi ngoma ilikuwa alama ya ufalme, hata neno lenyewe, ingoma, lina maana ya ngoma na ya utawala pia. Tukiipiga pale bila kufikiri, tutakuwa tumemtawaza Kinjeketile kuwa mwami, jambo ambalo tamthilia haisemi. Huenda mwongozaji akataka hasa maana hiyo, ili aonyeshe jinsi watu wanavyomgeuza mtu wa kawaida kuwa mtawala. Basi na aitake kwa makusudi. Kadhalika tuko katika wilaya ya Dowa, nchi ya Wachewa, wenye Gule Wamkulu. Vinyago vile ni vya chama cha nyau, chenye miiko yake na nafasi yake katika mazishi na jando. Kuviazima ili kupamba jukwaa, bila ya kuwauliza wenyewe, ni utovu wa adabu kwa wenyeji waliotupokea. Mgeni mwenye akili hubisha hodi kwanza.

Swali la nne ni la mahali. Mwishoni Kinjeketile yumo gerezani, ameteswa, na anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa neno hilo lingewafikia watoto wa kesho na kuwaambia kwamba wazee wao walikosea kupigana. Dzaleka, kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, ilikuwa gereza walimofungwa wapinzani wa kisiasa wakati wa utawala wa Dakta Hastings Kamuzu Banda. Jina lake lenyewe latokana na neno la Kichewa lenye maana ya kuacha, na watu hulifasiri kuwa ni kauli ya mfungwa anayeahidi kwamba hatarudia tena. Je, kuna jukwaa jingine ambapo onyesho la mtu anayekataa kuikana kauli yake lingekuwa na uzito kama huu? Lakini uzito huo hauji wenyewe. Vijana wengi waliozaliwa hapa hawaijui historia ya ardhi wanayoikanyaga, na mwongozaji asiyeichunguza atauweka mkeka, ataleta kamba, na atadhani kwamba amemaliza kazi.

Hoja za wapinzani wetu

Hoja ya kwanza ni kwamba watu wa Dzaleka wanahitaji chakula, si tamthilia. Hatuibezi njaa. Kambi hii iliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000 leo ina zaidi ya 50,000, na mgao umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Lakini hatujamsikia mwenye hoja hii akisema kwamba msikiti, kanisa au mpira wa miguu usubiri mpaka matumbo yashibe. Tangu mwaka 2014 Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Menes La Plume aliyetoka Kongo, limewaleta watu wa Malawi na wa nchi nyingine kuja kambini kusikiliza na kutazama. Hii yathibitisha kwamba wakimbizi wana cha kutoa. Swali lililobaki ni kama tutakachotoa kitakuwa kimepikwa au kibichi.

Hoja ya pili hutoka kwa wafadhili. Wao hutaka mchezo wenye ujumbe: wa kipindupindu leo, wa ndoa za utotoni kesho. Kundi hupewa karatasi yenye mambo manne ya kutajwa, na siku tatu za mazoezi. Mafunzo ya afya ni mema, nasi hatuyapingi. Tunachopinga ni kuyaita hayo sanaa ya maendeleo, kwa maana walioianzisha sanaa hiyo katika nchi zetu hawakufanya hivyo. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walipokwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, katika miaka ya 1982 na 1983, walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao matatizo yao, ndipo mchezo ukatokea. Hapa Malawi, Christopher Kamlongera na wenzake wa Chancellor College, Zomba, walifuata njia kama hiyo katika miaka ya 1980. Uchunguzi ulikuwa mama, mchezo ukawa mtoto. Siku hizi tunaletewa mtoto asiye na mama, nasi tunaambiwa tumbembeleze.

Hoja ya tatu hutoka miongoni mwetu wenyewe, nayo ndiyo inayotuuma. Wako walimu wanaosema kwamba Kiswahili cha Dzaleka ni kibovu, na kwamba vijana hawa hawana budi kunyooshwa kwanza kabla ya kuguswa Hussein. Mkongo akisema "batoto" badala ya "watoto", mwalimu hukunja uso. Sisi twakubali kwamba Kiswahili sanifu ni wajibu wetu, na mwanafunzi asiyekijua atanyimwa haki yake katika mtihani na katika kazi. Lakini hebu tutazame Lubumbashi. Huko kundi la Mufwankolo lilikuwa likiigiza kwa Kiswahili cha Katanga, na mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian alilifuata lilipokuwa likitengeneza mchezo kutokana na methali isemayo kwamba utawala huliwa mzima. Hawakuwa na kitabu. Waigizaji walikaa wakabishana: kuliwa mzima maana yake nini, nani anakula, nani analiwa? Kutokana na mabishano hayo yakatoka maonyesho, na Fabian akaandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Hiyo ndiyo dramatujia yenyewe, ikifanywa kwa Kiswahili ambacho baadhi yetu hukiita kibovu. Watoto na wajukuu wa watazamaji wa michezo kama ile wamo katika madarasa yetu. Tunawaambia wanyamaze mpaka wajifunze kusema!

Zaidi ya hayo, kuchunguza mchezo ndiyo njia bora ya kufundisha Kiswahili sanifu. Kijana anayetafuta kwa nini mhusika amesema "tutashinda" na si "tungeshinda" hujifunza nyakati za vitenzi kwa ari ambayo zoezi la ubaoni haliwezi kuileta. Yule aliyetoka Buyenzi, yule wa Uvira na yule wa Lubumbashi wakilinganisha semi zao na maneno ya kitabu, kila mmoja huitambua lugha yake na huitambua iliyo sanifu, wala hadharau yoyote. Huko ndiko kufundisha. Kuorodhesha dhamira tano na wahusika sita kwa ajili ya mtihani ni kuhesabu mifupa ya samaki bila ya kumwonja.

Yanayotakiwa kutendwa

Jambo hili lina haraka yake. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na mwaka 2023 serikali ya Malawi ilitangaza nia ya kukiingiza katika shule zake. Wanafunzi wa Lilongwe watakapotaka kukisikia Kiswahili kikiishi, mahali palipo karibu ni hapa petu, mwendo wa kilomita 40 na kitu tu. Watakuta nini? Kasuku, au watu wanaofikiri?

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, kila mchezo utengewe muda wa kusomwa mezani kabla ya mwigizaji yeyote kusimama. Pili, kila kundi liwe na daftari la mchezo, litakaloandikwa maswali, majibu, masimulizi ya wazee na sababu za kila uamuzi, na daftari hilo lihifadhiwe kwa watakaofuata. Tatu, walimu wa Lilongwe, ambao hawafungwi na sheria ya kukaa kambini, wawe miguu yetu. Nyaraka za Taifa ziko Zomba, na mkimbizi hawezi kwenda huko bila ya kibali. Mwenzetu anayeweza kupanda basi asubuhi na akaniliwe maandishi juu ya Chilembwe na thangata, ayalete yasomwe. Nne, chama chetu kiombe vibali kwa ajili ya waigizaji wachache kila mwaka, kama kinavyoombea timu za michezo mingine, na kikikataliwa kiombe tena.

Tukiyafanya hayo, mchezo wetu ukipelekwa Lilongwe hautakuwa maonyesho ya kuwahurumia wakimbizi. Utakuwa hoja iliyotungwa na watu waliosoma, wakauliza, wakapima, na sasa wanataka kujibiwa. Mwalimu asiyetaka kuuchunguza mchezo na auache kabatini, utamsubiri mwingine.