Kiswahili hakiulizi ME au KE, fomu inauliza

Pale Masama, wilayani Hai, ukisikia "yeye kafika", hujui ni mwanamume au mwanamke. Lugha haiulizi. Fomu ndiyo inauliza: ME au KE?

Hapo ndipo watu huchanganya mambo mawili. "Huntha" ni habari ya mwili: mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja. Asiyejiona mwanamume wala mwanamke ni suala jingine kabisa.

Kenya iliwahesabu huntha kwenye sensa ya 2019, wakapatikana 1,524. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilitoa watu 61,741,120, wote wanaume au wanawake.

Kwa hiyo huntha ana jina, ila fomu haina nafasi yake. Yule mwingine hata jina lililozoeleka bado hana.