Sifa ya Kuazima

Nilipofika Houston sikuwa na deni hata la senti moja, nikadhani hiyo ni sifa. Kwetu asiyedaiwa hutembea kifua mbele. Marekani nikaambiwa kinyume chake: asiyewahi kukopa hajulikani, na asiyejulikana hakopeshwi.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, akanionea huruma. Kadi yake ya mkopo ilikuwa ya miaka mingi, na hakuwahi kuchelewesha malipo. Akapiga simu benki, akaliandikisha jina langu niwe mtumiaji aliyeidhinishwa. Kadi yangu ilipofika akaifungia kabatini, sikuigusa kamwe. Baada ya miezi michache nikawa mtu mwenye alama nzuri, na mkopo wa gari niliokuwa nimenyimwa nikapewa. "Umeona, mdogo wangu?" akasema. Nikashukuru, sikuuliza kitu.

Leo nauliza. Alama za FICO, zilizoanza kutumika mwaka 1989 na ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 300 hadi 850, zinadai kupima kama mtu atalipa deni lake. Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimelipa nini? Deni la kadi ile hudaiwa mwenye kadi, si mimi. Lakini historia yake iliandikwa katika faili langu kana kwamba ni mimi niliyehangaika nayo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Dada akaugua, akaacha kazi, kadi ikajaa mpaka juu. Kiasi kinachodaiwa huchukua karibu asilimia 30 ya hesabu ya alama, basi zangu zikaporomoka pamoja na zake. Wakati huo natafuta nyumba, mwenye nyumba akanikataa. Kodi nilikuwa nimelipa kila mwezi kwa miaka minne bila kukosa, lakini haikuwa imeandikwa popote, kwa kuwa mwenye nyumba wa kwanza hakuwa akiipeleka taarifa. Nilicholipa mwenyewe hakikuhesabiwa, nisichokopa kikahesabiwa.

Nikashauriwa nilitoe jina langu. Nikapiga simu asubuhi, jioni nikampelekea uji mgonjwa.

Wapo watakaonikumbusha chanzo cha utaratibu huu, nao wana haki. Zamani mke wa Marekani aliweza kulipa madeni ya nyumba miaka nenda miaka rudi, na sifa yote ikaandikwa kwa jina la mume. Sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo, pamoja na kanuni zake, ikataka akaunti wanayoitumia wote wawili iripotiwe kwa majina yote mawili. Hilo ni jema, silipingi. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wake ukapitiwa na wachuuzi, wakawauzia watu baki nafasi katika kadi za wengine. Mwaka 2007 wenye FICO walitangaza kwamba hawatawahesabu tena watumiaji wa namna hii. Mwaka uliofuata wakarudi nyuma, kwani wangewaumiza wale wale ambao sheria iliwalinda.

Basi tuseme ukweli. Mtoto wa mwenye nacho huingia utu uzima akiwa na historia ya baba yake mfukoni. Mgeni asiye na dada huanza na ukurasa mtupu. Huko si kupima uaminifu, ni kupima ukoo. Anayetaka kunijua na ahesabu kodi niliyolipa, umeme niliolipa, simu niliyolipa. Hizo ni jasho langu.

Dada amepona, na alama zangu zimepanda. Juzi aliniuliza kama kadi yake bado inanisaidia. Nikamjibu, "Inanisaidia sana, dada." Mfumo unaojiita kipimo cha uaminifu umenifundisha kumdanganya mtu aliyeniamini kwanza.