Nimefuta ile video ya unga wa kinga, na hii ndiyo sababu

Wale mmekuwa hapa kitambo mnaikumbuka ile video ya unga wa kijani. Nilikoroga kijiko kimoja kwa maji vuguvugu, nikakunywa yote, nikaangalia kamera nikasema, "Hii inapandisha kinga ya mwili mara tatu, wasee." Ndiyo video yangu iliyotazamwa sana kuliko zote. Nilikuwa nimesota vibaya, nikalipwa, nikalipa kodi ya nyumba ya miezi miwili, nikamshukuru Mungu.

Wiki tatu zilizopita niliifuta. Hakuna mtu alinilazimisha. Ni kwa sababu ya binamu yangu.

Binamu yangu ana lupus. Kama hujui lupus ni nini, usione aibu, hata mimi nilidhani ni jina la dawa. Ni ugonjwa ambapo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inamgeukia mwenyewe: viungo, ngozi, figo. Kila siku yeye humeza vidonge ambavyo kazi yake ni kuituliza hiyo kinga.

Sasa akaona video yangu, akapiga hesabu yake. Dawa za hospitali zinashusha kinga, unga wa jamaa yangu unapandisha kinga. Si afadhali unga? Akanunua mkebe mmoja, akaacha vidonge. Hakuniambia, alitaka kunipa hiyo habari akishapona.

Mwezi haukuisha. Shangazi alinipigia simu saa tisa usiku akiwa wodini. Uso wa binti yake ulikuwa umefura, miguu imefura, mkojo una povu. Figo. Nilipofika asubuhi nilimkuta daktari akiuliza ni nani alimwambia aache dawa. Binamu yangu aliniangalia mara moja, halafu akaangalia ukuta. Hakunitaja. Na shangazi, maskini, akanishika mkono akaniambia, "Asante kwa kukuja, mwanangu." Manze, hiyo asante bado iko hapa kwa koo.

Sasa ako nyumbani, amerudia dawa zake, na figo zinaendelea kupimwa kila mara. Mimi nikakaa chini nikafanya kile ningefaa kufanya kabla ya kuchukua pesa za watu: nikasoma. Na maoni yangu leo ni haya: hii maneno ya "kupandisha kinga" ni uongo, na sisi tunaoiuza tunauza kitu hata hatukielewi.

Shida inaanzia hapo kwa neno "kupandisha". Tunaongea ni kama kinga ni betri ya simu, iko asilimia 40, uchomeke chaja ifike 100. Hakuna kitu kama hiyo. Kinga ni kazi nyingi zinazofanywa na vitu tofauti, kila kimoja na zamu yake.

Kwanza kuna mlango. Ngozi yako, kamasi za pua, asidi ya tumbo. Hata machozi yana kimeng'enya kinachopasua bakteria. Alexander Fleming, yule wa penisilini, alikieleza mwaka wa 1922. Vijidudu vingi huishia hapo mlangoni na wewe hata hujui kulikuwa na vita.

Vikipita, zinakuja seli nyeupe za damu. Kuna aina moja inaitwa neutrofili. Mwili hutengeneza karibu bilioni 100 za hizo kila siku ndani ya uboho wa mifupa, na nyingi hufa haraka kazini. Ule usaha kwa kidonda ni maiti zao pamoja na adui. Na ile homa unaichukia? Mara nyingi ni mwili wenyewe umepandisha joto makusudi, kwa sababu vijidudu vingi havipendi joto.

Halafu kuna wataalamu: seli B na seli T. Hizi huchukua siku kadhaa kujipanga wanapokutana na adui mgeni. Seli B hutengeneza kingamwili, na kila kingamwili inashika adui wake kama ufunguo na kufuli. Seli T zingine hutafuta seli zako zilizovamiwa na virusi na kuziua. Vita ikiisha, baadhi yao hubaki na kumbukumbu. Ndiyo maana mtu akiugua surua mara moja, kwa kawaida haiugui tena.

Sasa niambie, hapo utapandisha gani? Homa? Usaha?

Kuna kitu kingine sikuwa najua. Hilo jeshi lina breki. Kuna seli T ambazo kazi yao ni kuwaambia wenzao watulie. Mwaka wa 2025 tuzo ya Nobel ya tiba ilipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kuonyesha jinsi mwili unavyozuia kinga isijishambulie. Yaani kuitawala kinga ni muhimu kama kuwa nayo.

Na ikikosa kutawaliwa unaijua vizuri. Wewe unayepiga chafya mara kumi ukifagia nyumba, hiyo ni kinga inapigana na vumbi ambalo halikukosea. Kumbuka pia Covid. Wagonjwa wengi walioumia sana walikuwa wanaumizwa na kinga yao wenyewe iliyowaka mapafuni. Juni 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja kati ya wale waliokuwa kwa mashine ya kupumua. Dawa ya kutuliza, si ya kupandisha. Na sisi huku mtaani tulikuwa tunachemsha vitunguu saumu.

Najua mtasema, "Lakini shosho yangu hutumia tangawizi na limau na anaishi." Sawa, kunywa. Inatuliza koo, na ni tamu. Mimi sina vita na shosho. Nina vita na yule anaiweka kwa mkebe, anaiita kinga, anaiuza elfu mbili mia tano. Hata vitamini C, tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba kwa watu wa kawaida kuinywa kila siku hakuzuii mafua. Inapunguza tu siku za kuugua kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima. Mafua ya siku saba unaokoa kama nusu siku.

Na ndio, kuna watu kinga yao iko chini kweli. Mtu ana virusi vya UKIMWI, vinaua seli zake za CD4. Mtoto hajala vizuri miezi mingi. Lakini wa kwanza anahitaji ARV, na wa pili anahitaji chakula na kliniki. Kumuuzia mtu kama huyo unga ni kumwibia.

Basi nini inasaidia? Vitu havina mkebe mzuri wa kupigia picha. Chanjo, kwa sababu inawafunza wale wataalamu kumjua adui kabla hajafika. Hapa Kenya mtoto hupata ya surua akiwa na miezi 9 na tena 18, na ya malaria ilizinduliwa Homa Bay mwaka wa 2019. Chakula cha kawaida. Kunawa mikono. Na kulala, wewe unayesoma hii saa nane usiku. Kuna utafiti wa Marekani wa 2015, watu 164 waliwekewa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wanalala chini ya saa 6 waliugua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Hakuna kampuni itanilipa niwaambie mlale.

Juzi nilimtembelea binamu yangu nikamwomba msamaha. Akaniuliza, "Kwani zile pesa ulifanyia nini?" Nikamwambia kodi. Akacheka. "Angalau ulilala ndani." Mimi sikuweza kucheka.

Kwa hivyo sitatangaza tena kitu cha kumeza, hata nikiwa nimesota aje. Kama ulinunua ule unga kwa sababu yangu, pole, na nisamehe. Na kama kuna dawa ya hospitali uliacha kwa sababu ya video, yangu au ya mtu yeyote, rudi kliniki kesho asubuhi. Usiogope kugombezwa. Waambie tu ukweli, ukipenda nitaje jina.